Nimenakili namba zote za irabu, mbona plagini yangu haiimbi?

Swali la msomaji: "Ndugu mtaalamu, nina plagini ya sinthesaiza inayofanya kazi kwa fomanti. Nilipata jedwali la irabu tano nikaingiza kila kitu kama kilivyoandikwa: masafa, upana na nguvu ya kila fomanti. Noti za chini zinatoa kitu kinachokaribia 'a', ila kinalia kama king'ora. Nikipanda juu ya kibodi, irabu zote zinakuwa sauti moja. Nobu ya kuhama kutoka a kwenda e, i, o, u nayo inaruka katikati. Je, tatizo ni plagini au ni mimi? Na inawezekana kuifanya itamke silabi, au mwisho wake ni 'aaa' na 'ooo' tu?"

Jibu:

Plagini pengine haina neno, na namba zako pia hazina neno. Jedwali linalozunguka sana kwa watu wa sinthesaiza ni lile la mwongozo wa Csound, programu ya kutengeneza sauti, lenye fomanti tano (vilele vya masafa ambayo kinywa huyakuza) kwa kila irabu na kwa kila aina ya mwimbaji, kuanzia besi hadi soprano. Nadhani ndilo ulilokutana nalo. Ni jedwali zuri, ila linaeleza kinywa kilichoganda. Sikio la binadamu halijazoea kinywa kilichoganda, kwa hiyo likikisikia linakiita mashine. Kazi iliyobaki ni kuzitembeza namba hizo, na kuhakikisha kuna mlio wa kutosha unaopita ndani yake. Nitaanzia kwenye king'ora, halafu nije kwenye noti za juu, nobu inayoruka na silabi.

Kwanza fanya jaribio bila kompyuta. Nong'ona irabu kwa mpangilio huu: u, o, a, e, i. Nyuzi za sauti hazitetemi na hakuna noti inayoimbwa, lakini irabu zote tano zinasikika wazi. Tena utasikia kitu kinachopanda kutoka chini kwenda juu: hiyo ni fomanti ya pili. Sasa ziimbe irabu hizo hizo kwa noti moja usiyoibadilisha. Noti imekaa pale pale, irabu zinapita. Koo linatoa noti, kinywa kinatoa irabu, na kila kimoja kina usukani wake. Gunnar Fant wa Sweden aliipa nadharia hii hesabu zake kamili mwaka 1960, na plagini yako imejengwa juu ya msingi huo.

Kinywa na koo la mwanamume mzima ni bomba la takriban sentimita 17.5, lililozibwa upande wa nyuzi za sauti na kuachwa wazi upande wa midomo. Bomba la namna hiyo lina milio yake ya asili karibu na Hz 500, 1,500 na 2,500. Ulimi, taya na midomo vikilibana hapa na kulipanua pale, vilele hivyo vinahama. Ukifungua taya, fomanti ya kwanza inapanda. Ukisogeza ulimi mbele, ya pili inapanda. Ukiviringa midomo, zote zinashuka. Ukiyajua haya matatu, hutahitaji kurudi kwenye jedwali kila mara, kwa sababu utakuwa unageuza nobu huku mdomo wako mwenyewe ukikuambia uelekeo.

Kwenye plagini, usukani wa pili hupotea kwa sababu ya mpangilio mmoja: ule unaoamua kama fomanti zifuate kibodi. Uweke sifuri. Ukiwa asilimia 100, kila oktava unayopanda inazidisha masafa ya fomanti mara mbili, yaani umelikata koo la mwimbaji nusu. Noti za chini zinaimbwa na jitu, za juu zinaimbwa na kitoto, na hakuna mtu mmoja anayesikika toka mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Iangalie hata preseti inayosikika vizuri, maana huenda imewekwa kwa ajili ya oktava moja tu.

Chanzo, yaani wimbi linaloingia kwenye fomanti, kiwe msumeno au mapigo membamba. Mlio wa nyuzi za sauti hupungua nguvu kwa takriban desibeli 12 kila oktava kadiri hamoniki (milio iliyo juu ya noti, kila mmoja ukiwa kizidisho cha masafa yake) zinavyopanda, kisha unapotoka midomoni kwenda hewani unarudishiwa kama desibeli 6. Kinachobaki ni mteremko wa desibeli 6 kwa oktava, na huo ndio mteremko wa wimbi la msumeno. Wimbi la mraba linakosa hamoniki za shufwa, kwa hiyo fomanti ikiangukia mahali pa hamoniki ya 2 au ya 4 haina cha kukuza. Wimbi la sine halina hamoniki kabisa, na hapo hata fomanti kumi hazitakufaa.

Sasa king'ora. Ninamshuku mshukiwa wa kwanza: upana. Jedwali linatoa upana wa fomanti kwa Hz, lakini plagini nyingi zinauliza kitu kingine, yaani Q, ambayo ni masafa ya fomanti yakigawanywa kwa upana wake. Kwa "a" ya tena (tenor, sauti ya juu ya kiume), fomanti ya kwanza iko Hz 650 na upana wake ni Hz 80, kwa hiyo Q ni takriban 8. Ya tatu iko 2,650 na upana ni 120, kwa hiyo Q ni takriban 22. Mtu akiweka Q moja kwa fomanti zote, labda 30 kwa sababu inasikika "wazi zaidi", fomanti ya kwanza inakuwa nyembamba kupita kiasi na inaanza kulia yenyewe. Kuna plagini zenye nobu isiyo na kipimo chochote, sifuri hadi mia. Kwa hizo hesabu haikusaidii, tumia sikio kwa njia hii: ondoa wimbi la msumeno, weka kelele nyeupe kama chanzo, kisha cheza noti yoyote. Unapaswa kusikia mtu akinong'ona "a". Ukisikia filimbi ndani ya kelele, fomanti ni nyembamba mno. Ukisikia upepo usio na irabu, ni pana mno. Kama mnong'ono hautambuliki, wimbo nao hautatambulika. Mimi hutengeneza kila irabu kwa kelele kwanza, ndipo narudisha msumeno.

Mshukiwa wa pili ni utulivu wa noti. Osileta ya kompyuta inashika masafa yake bila kutetereka, jambo ambalo hakuna koo linaloweza. John Chowning, mvumbuzi wa sinthesisi ya FM, alilionyesha jambo hili vizuri alipokuwa akitengeneza sauti za kuimba kwa kompyuta mnamo 1980. Hamoniki zikikaa zimetulia, msikilizaji husikia rundo la toni za umeme. Zikianza kutikisika zote pamoja kwa vibrato moja, ghafla rundo hilo linageuka mtu. Sababu haiko kwenye urembo wa vibrato tu. Hamoniki zinapopanda na kushuka chini ya fomanti zilizosimama, kila moja inapita kwenye mteremko wa kilele, nyingine ikiongezeka nguvu wakati jirani yake inapungua. Kwa mtikisiko huo, sikio linapata umbo la kinywa ambalo hamoniki zilizotulia hazikuweza kulionyesha.

Kwa hiyo weka LFO (osileta ya polepole inayotikisa kigezo kingine) ya Hz 5 hadi 6 kwenye noti, kina chake kisizidi nusu semitoni kila upande, na ianze baada ya kama milisekunde 300, maana waimbaji wengi hawaanzi noti wakiwa tayari wanatikisika. Juu yake ongeza mtangatango wa kubahatisha, wa polepole, wa senti chache tu (senti ni sehemu ya mia ya semitoni). Mtangatango mwingine mdogo zaidi, kama asilimia 1, uwekwe kwenye fomanti ya kwanza na ya pili, kila moja kwa chanzo chake. Ila vibrato yenyewe usiipeleke kwenye fomanti. Ikienda huko, noti na kinywa vinatikisika pamoja, na faida yote niliyoieleza inafutika. Hili ni kosa linalojificha sana ndani ya preseti, kwa sababu gurudumu la modulesheni linaweza kuwa limeunganishwa kwenye vyote viwili bila wewe kujua.

Pumzi nayo isisahaulike. Changanya kelele kidogo kwenye chanzo, chini sana ya msumeno, ipite kwenye fomanti zile zile. Ikipita pembeni itasikika kama mtu anaimba karibu na feni.

Huenda plagini yako haina filta kabisa. Kuna familia nyingine, inayotokana na kazi ya Xavier Rodet kule IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris, ambapo kila pigo la noti linazalisha punje fupi ya wimbi la sine linalofifia: masafa ya wimbi hilo ndiyo fomanti, kasi ya kufifia ndiyo upana, na idadi ya punje kwa sekunde ndiyo noti. Yote niliyosema yanabaki vile vile, isipokuwa jaribio la kelele, ambalo itabidi ulifanye kwa kuzitawanya punje bila mpangilio kama plagini inaruhusu. Faida ya njia hii ni usafi wake. Ubaya wake ni kwamba bila mtangatango inasikika ya umeme kuliko hata ile ya filta.

Kuhusu noti za juu, hapo fizikia inakudai. Chukua noti A ya Hz 880. Hamoniki zake ziko 880, 1,760, 2,640 na kuendelea. Irabu "u" ya soprano kwenye jedwali ina fomanti kwenye 325 na 700, na "i" inazo kwenye 270 na 2,140. Tazama: fomanti ya kwanza ya zote mbili iko chini ya noti yenyewe, mahali ambapo hakuna kitu, na zile za pili nazo zimeangukia kwenye mapengo. Filta hukuza kilichopo tu. Ni sawa na kuchora umbo la mlima kwa vigingi vitatu vilivyochomekwa mbalimbali: milima yote itafanana. Kwenye A ya Hz 110 una kigingi kila baada ya Hz 110, na ndiyo maana irabu zako zinasikika huko chini.

Waimbaji wa kweli wanagonga ukuta huo huo, na ndiyo maana maneno ya soprano aliye juu kabisa hayashikiki. Wanachofanya, kama tafiti za Johan Sundberg wa Sweden zilivyoonyesha, ni kufungua taya zaidi kadiri noti inavyopanda, ili fomanti ya kwanza ipande pamoja na noti badala ya kubaki nyuma na kupoteza nguvu. Nawe fanya hivyo. Nilisema fomanti zisifuate kibodi, na hapa ndipo pa kulegeza kamba: unganisha namba ya noti na fomanti ya kwanza peke yake, na uunganisho uanze kufanya kazi pale tu noti inapoipita fomanti hiyo. Kama plagini haina njia ya kuweka mahali pa kuanzia, chora otomesheni kwa mkono kwenye noti hizo chache za juu. Irabu haitarudi wazi, usijidanganye, lakini sauti itajaa na haitakonda.

Kwa sauti ya kiume yenye nguvu ya jukwaani, kuna kitu kingine ndani ya jedwali ambacho watu hukipita. Tazama "a" ya tena: fomanti ya tatu, ya nne na ya tano ziko 2,650, 2,900 na 3,250. Zimesongamana. Msongamano huo ndio unaoitwa fomanti ya mwimbaji, kilele kimoja kipana karibu na Hz 3,000 kinachomfanya mtu mmoja asikike juu ya okestra bila maikrofoni. Plagini yenye fomanti tatu tu haiwezi kukitengeneza vizuri. Ongeza kilele pale kwa ikwalaiza baada ya plagini, na kisogee na irabu kidogo au kisisogee kabisa, hakuna atakayelalamika.

Namba zenyewe, kwa tena, fomanti tatu za kwanza, nikizipanga kwa mpangilio nitakaoueleza sasa hivi:

u: 350, 600, 2,700
o: 400, 800, 2,600
a: 650, 1,080, 2,650
e: 400, 1,700, 2,600
i: 290, 1,870, 2,800

Soma safu ya katikati kutoka juu kwenda chini: 600, 800, 1,080, 1,700, 1,870. Inapanda bila kurudi nyuma. Safu ya kwanza inapanda hadi "a" kisha inashuka, kama taya inavyofunguka na kufunga. Sasa zipange a, e, i, o, u kama ulivyofundishwa darasani: fomanti ya pili inakwenda 1,080, 1,700, 1,870, halafu inadondoka hadi 800. Huo ndio mruko wa nobu yako, kati ya "i" na "o". Kinywa kinaweza kufanya safari hiyo, lakini nobu ikigeuzwa polepole inapita mahali ambapo hapana irabu tunayoitambua. Kama plagini inakuruhusu kupanga upya vituo vya irabu, weka u, o, a, e, i na tatizo limekwisha. Kama hairuhusu, tumia vituo viwili viwili.

Kuna uwezekano wa pili wa mruko, na huu ni wa plagini yenyewe. Baadhi hazisogezi fomanti. Zinachanganya tu matokeo ya filta mbili, moja ikipunguzwa nyingine ikiongezwa. Katikati ya safari unasikia irabu mbili kwa wakati mmoja, watu wawili badala ya mdomo mmoja. Kujua ni ipi uliyo nayo ni rahisi: simamisha nobu katikati ya "i" na "u", lisha kelele, na utazame kichanganuzi cha masafa. Ukiona kilele kimoja cha pili kati ya 600 na 1,870, plagini inasogeza. Ukiona vilele viwili, kimoja kila upande, inachanganya. Plagini ya aina ya pili inafaa kwa sauti za anga na za ndoto. Kwa kuimba, siipendekezi.

Jedwali hilo si sheria. Limetokana na waimbaji wa aina fulani, na kwa sikio langu "e" na "o" za Kiswahili zimefunguka zaidi kuliko zinavyoonekana pale. Pandisha fomanti ya kwanza ya zote mbili hadi karibu 500 usikie tofauti. Bora zaidi, chukua namba zako mwenyewe. Pakua Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, rekodi sauti yako ukizisema irabu tano kwa utulivu, na usome fomanti katikati ya kila moja. Weka kikomo cha juu cha fomanti kuwa Hz 5,000 kwa sauti ya kiume na 5,500 kwa sauti ya kike, la sivyo itakupa vilele visivyokuwepo. Sema kwa noti ya chini, kwa sababu ile ile ya vigingi.

Ukitaka kumgeuza mwimbaji kutoka mwanamume kuwa mwanamke, zidisha fomanti zote kwa takriban 1.17, sawa na kupandisha nobu ya fomanti kwa karibu semitoni 3. Mtoto ni 1.3 hadi 1.4, semitoni 5 hivi. Wastani wa vipimo maarufu vya Peterson na Barney vya 1952 unaangukia maeneo hayo, ingawa ongezeko halilingani kwa kila irabu, na nobu moja ya jinsia kwenye plagini daima itakuwa makadirio. Kumbuka pia kupandisha noti zenyewe. Fomanti za kike kwenye noti ya besi zinatoa kiumbe ambacho huenda ukakitaka kwa katuni, si kwa wimbo.

Tuje kwenye silabi, sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo mwendo unapothibitisha kwamba ndiye mwenye lugha. Ndiyo, inawezekana.

Konsonanti nyingi ni safari ya fomanti kuelekea kwenye irabu, si milio inayojitegemea. Watafiti wa maabara za Haskins nchini Marekani walilionyesha hili katikati ya miaka ya 1950 kwa mtambo uliogeuza fomanti zilizochorwa kwa mkono kuwa sauti. Anza "a" na fomanti ya kwanza ikiwa chini kabisa na ya pili ikiwa karibu Hz 700, kisha zote zipande hadi mahali pake. Ukifanya safari hiyo kwa milisekunde 30 au 40, unasikia "ba". Irefushe hadi 80 au 100, unasikia "wa". Irefushe kupita 150, unasikia "ua", irabu mbili. Njia ni ile ile, namba ni zile zile, kilichobadilika ni muda. Kwa "da", fomanti ya pili inaanzia karibu 1,800, na kwa "a" maana yake inashuka badala ya kupanda. Kwa "ga" mwanzo wake uko juu zaidi, hadi karibu 3,000. "Ya" inaanzia pale "i" ilipo na kuteremka taratibu.

Utafanyaje kwenye plagini? Chukua envelopu (mchoro wa kigezo kinavyobadilika tangu noti ianze) isiyotumika kwa nguvu ya sauti, iunganishe na fomanti ya pili, na nyingine kwenye ya kwanza. Umbo liwe mporomoko mmoja tu, bila kushikilia, muda wake ukiuweka kati ya milisekunde 30 na 150. Unganisha muda huo na nguvu ya mguso wa kibodi: ukigonga kwa nguvu inatoka "ba", ukigusa taratibu inatoka "wa". Huo ni uimbaji wa mikono miwili ambao hakuna preseti itakayokupa. Hakikisha envelopu ya sauti yenyewe inaanza haraka. Mwanzo unaochukua milisekunde 50 unameza "b" nzima kabla haijasikika.

"M" na "n" hupatikana kwa kushusha fomanti ya kwanza hadi 250 au 300, kuipanua, na kupunguza nguvu ya zote za juu kwa muda mfupi kabla ya irabu. Si kamili, kwa sababu pua inakata baadhi ya masafa na filta za kukuza haziwezi kukata, lakini ndani ya wimbo msikilizaji anaikubali. "H" ni rahisi kuliko zote: kelele ipite kwenye fomanti za irabu inayofuata, halafu msumeno uingie. Mpango wa Dennis Klatt wa 1980, ambao wengi wameujenga upya tangu hapo, ulikuwa na vigezo karibu 40 na uliweza kuvibadilisha kila milisekunde 5 ili kutoa usemi kamili. Wewe una mikono miwili, gurudumu na pedi. Kwa hiyo lenga silabi za kibwagizo, si habari za saa mbili. Ukitaka kusikia fomanti zikisoma sentensi nzima za Kiswahili, sikiliza eSpeak NG, programu ya bure ya kusoma maandishi kwa sauti. Haina uzuri, lakini sikiliza jinsi inavyounganisha konsonanti na irabu, utajifunza mengi kuliko kwenye preseti mia.

Wazo la kurekodi mwendo badala ya vituo si geni. Yamaha ililiweka kwenye sinthesaiza yake ya FS1R ya 1998, iliyoweza kucheza mfululizo wa fomanti zinazohama juu ya noti yoyote unayoshika. Kama plagini yako ina kitu kinachofanana na hicho, kitumie kabla ya kitu kingine chochote.

Kwaya: usitumie unisoni ya kawaida peke yake. Ile inahamisha noti kwa senti chache na kuacha kinywa kimoja, kwa hiyo unapata mtu mmoja aliyerudufiwa. Fungua nakala nne au tano za plagini, kila moja na fomanti zilizosogezwa asilimia 2 hadi 4 kutoka kwa jirani, vibrato ya kasi tofauti kidogo, na mwanzo wa noti uliochelewa milisekunde 10 hadi 40. Kompyuta ikilemewa, zigeuze nakala hizo kuwa rekodi za sauti za kawaida.

Mwisho ni mchanganyo. Distosheni ikiwa kabla ya fomanti inazaa hamoniki mpya ambazo fomanti zinazichonga, na irabu inakuwa wazi zaidi. Ikiwa baada yake, inajaza mabonde kati ya vilele na irabu inafifia. Watengenezaji wa besi zinazonguruma hutumia zote mbili, lakini ile ya baada kwa kiasi. Riverbu ndefu inafuta "ba" na "da" kwa sababu safari ya milisekunde 40 inazama ndani ya mkia wa silabi iliyotangulia. Tuma irabu ndefu tu kwenye riverbu, na silabi fupi uziache kavu. Na kama kuna mwimbaji wa kweli kwenye wimbo, usikate fomanti ya pili kwa ikwalaiza ili kumpisha, kwa kuwa utakuwa umeiua irabu. Ihamishe plagini yako kwenye "u" au "o", ambako fomanti ya pili iko chini ya 1,000, na eneo la 1,500 hadi 2,500 litabaki kwa mwimbaji bila kukata chochote.